Majani Hayaandikwi

Walikuja na Canter siku ya arobaini na moja,
shemeji Mlolwa mbele, karatasi mkononi:
makochi matatu na meza yake,
kabati la vioo, na vikombe ambavyo hatukuwahi kuvinywea,
redio, feni, zulia,
hata pazia, wakaacha fimbo yake.
Waliandika kila chenye miguu
na kila chenye waya.
Mimi nimekaa uani, ndani ya eda yangu,
nasikia nyumba ikikokotwa.

Mpira uliokuwa kibarazani
kwenye ndoo ya rangi iliyotoboka
hawakuuandika.
"Hayo ni majani," alisema kijana wa Canter,
akausogeza kwa mguu apate kupita na kochi.

Basi sebule ikabaki sakafu.
Saruji nyekundu, na juu yake
vidoa kumi na viwili vyeupe, vya duara,
palipokuwa pamesimama miguu ya makochi.
Nikipita usiku bila taa
nilikuwa nayakwepa makochi yasiyokuwepo.

Eda ilipokwisha, nikauingiza mpira ndani.
Sikuwa na mpango. Niliona tu
ile kona ya dirishani ni pengo.
Nikaufuta vumbi la Agosti, jani kwa jani,
kitambaa kikatoka rangi ya barabara,
nao ukang'aa,
ukaweka kivuli ukutani, pale pale ilipokuwa feni.

Halafu, ukianza hivi, huachi.
Masikio ya tembo kutoka bondeni kwa akina Nyanzala,
yanayokunywa kuliko wageni wa harusi.
Mkonge wa mistari, unaonifika kifuani,
nilibadilishana na nusu lita ya asali.
Na mchikichi! Havijawa, shoga yangu wa Ujiji,
aliupakia kwenye treni umevikwa kiroba,
mrefu wa mtoto wa darasa la pili;
ukaja usiku kucha umekaa dirishani,
abiria asiye na tiketi,
na mkaguzi, aliniambia mbeba mizigo,
aliuinamia tu akapita.

Maji ya bomba yakikata siku nne
tunagawana: mimi mchele,
wao maji yaliyoosha mchele.
Siwaimbii wala sisemi nao,
watu wasije wakasema mjane wa Isevya kawehuka.
Nawazungusha tu, robo ya duara kila Ijumaa,
kila mmoja apate jua usoni.

Nyanzala anasema nyoka wataingia.
Namwambia waliingia, wakaondoka na Canter.

Mvua za kwanza zilipoanguka
Mlolwa akabisha hodi.
Alikuja na maneno ya kiwanja.
Akasimama katikati, kofia mkononi,
sikio la tembo limemlalia begani
kama mkono wa mtu anayemfahamu vizuri.
"Shemeji, viti viko wapi?"
"Kwako."

Akatafuta pa kuweka macho;
kila alipoyaweka palikuwa kijani.
Nikamtandikia mkeka kando ya mchikichi.
Akakaa. Akakunja miguu yake mirefu,
ile ile aliyokuwa nayo marehemu
(hilo sikuwa nimelitazamia).
Chai akainywa polepole, hadi majani ya chini,
kisha akauliza, sauti ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto,
huo mpira huoteshwaje.
Nikamkatia tawi, nikalifunga kwa gazeti lililoloweshwa.
Maneno ya kiwanja aliondoka nayo mdomoni.

Leo asubuhi mpira umefungua jani.
Ile ala nyekundu, inayolivika jani
likiwa bado limeviringika,
imedondoka sakafuni.
Kalunde, mjukuu wangu, ameiokota:
"Bibi, unakufa?"
Hapana, nikamwambia, umevua koti tu.

Akairudisha alipoitoa,
juu ya kimoja cha vile vidoa vyeupe.
Sijafagia.